Zoezi anapata 18 kati ya 20, mtihani 19 kati ya 50

BARUA

Ndugu washauri,

Habari za kazi. Mimi ni fundi cherehani hapa Morogoro, mama wa watoto watatu. Kinachonikosesha usingizi ni Hisabati ya binti yangu mkubwa. Yuko Darasa la Saba, mtihani wa taifa ni Septemba, na sasa tumeingia Mei.

Mtoto si mvivu, nalisema hilo mapema. Siku tatu kwa wiki anakwenda tuisheni, na mwalimu wao huchukua mada moja wiki nzima. Wiki ya asilimia ni asilimia tu, maswali thelathini au zaidi. Ijumaa wanapewa jaribio, anarudi na 18 kati ya 20, siku nyingine zote 20. Halafu unakuja mtihani wa shule, analeta 19 kati ya 50. Mwezi wa tatu alileta 21. Nikimwuliza imekuwaje ananiambia, "Mama, nilipoliona swali nilijua nimeshalifanya, ila sikukumbuka linaanzaje."

Usiku wa kuamkia mtihani anakesha. Anafungua daftari, anapitia mifano yote mwalimu aliyofanya ubaoni, mstari kwa mstari. Nikimwuliza anasema yote anaijua.

Wifi yangu ananiambia mtoto ana kichwa kizito kwa Hisabati, nimwache akazanie masomo mengine. Mwalimu wa tuisheni anashauri niongeze siku mbili. Hela hiyo nitaitafuta ikibidi, lakini naogopa kulipia kitu kilekile. Mimi mwenyewe niliishia darasa la saba na mengi nimeshayasahau, siwezi kumsahihishia. Nifanye nini kwa miezi hii iliyobaki?

Mama wa Darasa la Saba, Morogoro

JIBU

Mama, asante kwa kutuandikia. Tulianze lile la wifi tulimalize: hakuna kitu katika barua yako kinachoonyesha kichwa kizito. Mtoto anayepata 18 kati ya 20 siku ya Ijumaa ameelewa alichofundishwa. Kasoro iko kwenye namna anavyofanya mazoezi, na ameieleza yeye mwenyewe aliposema alijua ameshalifanya swali ila hakukumbuka linaanzaje.

Kulitambua swali ni kazi moja, kulianza ni nyingine. Anapopitia mifano usiku, daftari liko wazi mbele yake na kila mstari unamwita mwenzake. Anachofanya ni kutambua tu, hii nimeiona, na hii nimeiona, mpaka anaridhika kwamba anajua. Kwenye chumba cha mtihani hakuna wa kumwandikia mstari wa kwanza. Anatakiwa auvute mwenyewe kutoka kichwani, na kuvuta huko hajakufanyia mazoezi.

La pili ni ile wiki ya mada moja. Chukua namba mbili tu, 12 na 18. Kengele moja hulia kila baada ya dakika 12 na nyingine kila baada ya dakika 18. Zimelia pamoja saa 2:00 asubuhi, zitalia tena pamoja saa ngapi? Hapo tunatafuta KDS (kigawe kidogo cha shirika, yaani namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa zote mbili), ambayo ni 36, kwa hiyo jibu ni saa 2:36. Kamba mbili, ya mita 12 na ya mita 18, zikatwe vipande vilivyo sawa na virefu kadiri iwezekanavyo bila kubakiza. Kila kipande kina urefu gani? Sasa ni KKS (kigawo kikubwa cha shirika, yaani namba kubwa kuliko zote inayozigawa zote mbili bila baki), mita 6. Bustani ya mstatili ina upana wa mita 12 na urefu wa mita 18. Seng'enge ya kuizungushia mara moja ni mita ngapi? Mzingo, mita 60. Watu wawili wagawane shilingi 60,000 kwa uwiano wa 12 kwa 18; kila mmoja apate ngapi? 24,000 na 36,000.

Namba ni zilezile, njia ni nne. Ugumu wa mtihani uko hapo, katika kujua swali linataka ipi. Lakini juu ya ukurasa ukishaandikwa KDS, mtoto hana haja hata ya kulisoma swali. Anazitwaa namba mbili na kufanya alichofanya kwenye swali lililotangulia. Katika maswali thelathini ya namna hiyo hajachagua njia hata mara moja. Mwalimu alimchagulia Jumatatu kwa kuandika kichwa cha mada ubaoni.

Jambo hili limepimwa. Mwaka 2007 watafiti Doug Rohrer na Kelli Taylor wa Chuo Kikuu cha South Florida, Marekani, walichapisha jaribio ambalo wanafunzi walijifunza kutafuta ujazo wa maumbo manne yasiyo ya kawaida. Kundi moja lilimaliza maswali ya umbo moja ndipo likaenda kwenye jingine. Kundi la pili lilifanya maswali hayohayo yakiwa yamechanganywa. Wakati wa mazoezi, kundi la kwanza lilipata asilimia 89 na la pili 60. Baada ya wiki moja wakapewa mtihani: kundi la kwanza likashuka hadi asilimia 20, la pili likapata 63. Binti yako yuko kundi la kwanza, na 18 zake za Ijumaa ndizo zile 89. Mwaka 2020 Rohrer na wenzake walichapisha jaribio jingine lililofanyika madarasani Florida, kwenye mikondo 54 ya darasa la saba. Walipopewa mtihani wa kushtukiza mwezi mmoja baada ya mazoezi kwisha, waliokuwa wakifanya maswali ya kuchanganya walipata asilimia 61, na waliokuwa wakifanya mada moja moja 38. Wote walikuwa wamefanya maswali yaleyale, tofauti ikiwa mpangilio.

Kwa hiyo hela yako iweke. Siku mbili za ziada za mada moja kwa wiki zitampandisha Ijumaa tu. Fanyeni hivi badala yake.

Nunua karatasi mbili za manila, uzikate vikadi vya ukubwa wa kiganja, na utafute makopo matatu matupu. Kila wiki atengeneze kadi sita, zisizidi hapo: tatu za mada ya wiki hiyo na tatu za mada za nyuma, hata za darasa la tano na la sita. Upande wa mbele aandike swali peke yake. Jina la mada lisionekane mbele kabisa, maana likionekana tumeurudisha ule ukurasa wenye kichwa. Upande wa nyuma aandike mada, ukurasa wa kitabu, na namba za maswali mengine matatu au manne ya aina hiyohiyo. Kadi ikirudi mara ya pili afanye swali jingine kati ya hayo. Bila hivyo atakariri kwamba kadi ya kengele jibu lake ni 36, na akiletewa dakika 15 na 20 atakwama.

Kadi mpya inaingia kopo la kwanza na inarudi mezani baada ya siku mbili. Akiipata inahamia kopo la pili, irudi baada ya wiki moja. Akiipata tena inakwenda kopo la tatu, irudi baada ya wiki tatu. Akiikosa popote ilipo, inarudi kopo la kwanza. Tarehe ya kurudi iandikwe pembeni kwa penseli, maana itafutwa mara nyingi. Kadi iliyoshinda kopo la tatu mara mbili ifungwe kwa mpira na iwekwe hadi Agosti.

Kuziachanisha siku kuna sababu. Swali alilolifanya jana bado liko juu juu, analipata bila jasho na kichwa hakifanyi kazi yoyote. Akingoja mpaka limeanza kumpotea, halafu akalivuta kwa taabu na likaja, linakaa muda mrefu zaidi kuliko mwanzo. Ndiyo maana nafasi inaongezeka kila anaposhinda. Taabu hiyo ni sehemu ya dawa, mwambie mapema asije akadhani anashindwa.

Kila jioni, siku tano kwa wiki, achukue kadi sita ambazo tarehe yake imefika. Dakika 25 zinatosha. Daftari la shule na kitabu viwe mbali na mkono wake, kwenye chumba kingine kama inawezekana. Hesabu zote ziandikwe. Kusema kwa mdomo "hapa ningetafuta KDS" hakuhesabiwi, kwa kuwa wengi wanaojua njia hupotelea kwenye hatua ya tatu. Akikwama, asikimbilie jibu. Asubiri dakika mbili au tatu, aandike chochote anachokumbuka kuhusu swali hilo, hata mchoro. Bado hakuna kitu? Afungue kitabu, asome mstari wa kwanza tu wa mfano, akifunge, aendelee. Akishamaliza alirudie lote tangu mwanzo bila kutazama, na kadi hiyo ihesabiwe amekosa, irudi kopo la kwanza. Hapa watoto hujidanganya sana: wakishaona jibu wanasema "nilikuwa nalijua".

Tazama mfano mmoja wa kosa. Swali ni ¾ ÷ ⅖. Mtoto anakumbuka "geuza uzidishe", anageuza ya kwanza, anapata 4/3 × 2/5 = 8/15. Aliyekosa hivi hakukosea hesabu. Amekumbuka njia nusu. Inayogeuzwa ni ya pili, ile inayogawa: 3/4 × 5/2 = 15/8, yaani 1⅞. Wewe mwenyewe unaweza kuligundua kosa hilo bila kujua kanuni. Mwulize, "Hii ⅖ ni ndogo kuliko ¾ au ni kubwa?" Ni ndogo. Basi ndani ya ¾ inaingia zaidi ya mara moja, na jibu haliwezi kuwa chini ya 1. Ile 8/15 imejikataa yenyewe. Chini ya kadi aandike kwa maneno yake kosa lilikuwa nini. Kosa la njia linairudisha kadi kopo la kwanza. Kosa la haraka, kama 7 × 8 kuandikwa 54, mwache asahihishe na kadi ibaki kopo lilelile. Lakini likitokea mara kwa mara ujue jedwali la kuzidisha halijakaa. Achukue zile kumi zinazomsumbua, kwa kawaida ni za 6, 7, 8 na 9, aulizwe bila mpangilio dakika mbili kila jioni kabla ya kadi.

Usahihishaji usiuchukulie kama jambo dogo, kwa sababu anayejizoeza bila kusahihishwa anakaza makosa. Mfano mzuri ni MAGAZIJUTO, ufupisho wa mpangilio wa kukokotoa: mabano, gawanya, zidisha, jumlisha, toa. Watoto wengi wanaisoma kwamba kujumlisha lazima kutangulie kutoa popote pale. Wakipewa 20 − 8 + 5 wanajumlisha 8 na 5 wanapata 13, kisha 20 toa 13, jibu 7. Alama ya kutoa ni ya 8 peke yake, 5 haihusiki nayo. Jibu ni 17. Mtoto akilifanya kosa hilo mara sita kwa wiki tatu bila wa kumwambia, litakuwa gumu kung'oa kuliko lingekuwa siku ya kwanza. Kwa hiyo kila kadi iwe na jibu lililohakikishwa. Kama kitabu hakina majibu nyuma, kusanya maswali ya wiki na umwombe mwalimu ayapitie Ijumaa, au mwanafunzi wa sekondari jirani mnayemwamini. Yapo pia ambayo yeye mwenyewe anaweza kuyahakiki: kugawanya kwa kuzidisha kurudi nyuma, mlinganyo kwa kuweka jibu mahali pa herufi na kuona kama pande mbili zinalingana.

Wewe, ukiwa kwenye cherehani yako, una kazi moja ambayo haihitaji Hisabati. Kabla hajaanza kukokotoa, mwambie akusomee swali na akwambie litafanywa kwa njia gani na kwa nini. Subiri ile "kwa sababu". "Ni KDS kwa sababu tunatafuta muda zitakaokutana tena" ni jibu. "Ni KDS kwa sababu kuna namba mbili" si jibu, hata kama hesabu itatoka sahihi. Kadi ya namna hiyo irudi kopo la kwanza.

Kuna kadi zitakazokosewa mara tatu mfululizo. Hizo ziondoe kwenye makopo kabisa. Kujikumbusha hakuwezi kuleta kitu ambacho hakikuwahi kuingia. Mada hiyo hakuielewa tangu mwanzo, na anahitaji kufundishwa upya kwa mifano, taratibu, ndipo kadi irudi. Hapa ndipo mwalimu wa tuisheni anastahili hela yake.

Mwendee mwalimu huyo kwa heshima, tena mpelekee karatasi mbili, ya jaribio la Ijumaa na ya mtihani wa shule, aone mwenyewe tofauti. Kisha mwombe mambo mawili. Kwanza, katika kila maswali 20 anayotoa, 12 yawe ya mada ya wiki na 8 yatoke mada za nyuma, yakiwa yamechanganywa bila kutajwa ni ya mada gani. Pili, kila kipindi kianze na maswali matatu ya dakika tano, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita, moja la mwaka jana, madaftari yakiwa yamefungwa. Hayamwongezei kazi kubwa, maana maswali anayo tayari. Wiki ya kwanza ya kuanzisha mada mpya ni sawa kabisa apewe maswali kadhaa ya mada hiyo peke yake ili njia ikae. Tunachokataa ni thelathini mfululizo halafu mada inazikwa hadi Septemba.

Jiandae kwa jambo moja litakalokuumiza. Wiki mbili au tatu za mwanzo alama zake zitashuka. Aliyezoea 18 ataleta 11 au 12, na wifi atasema si nilikwambia. Usirudi nyuma hapo. Alama za mazoezi ya kuchanganya zinapima anachokumbuka kweli, kwa hiyo zinaanza chini. Linganisha kadi za kopo la tatu badala yake: zikifika kumi mwishoni mwa Juni, mambo yanakwenda. Na mtoto asifiwe kwa kadi aliyoihangaikia mpaka ikaja, kuliko kwa ile iliyokuja yenyewe.

Mitihani ya taifa ya miaka iliyopita ni mali, msiimalize mapema. Tenga mitatu isiguswe kabisa hadi Agosti. Mingine itumieni kuchota maswali ya kadi, na kwa maswali ya kuchagua mwambie afunike majibu kwa karatasi, akokotoe kwanza, ndipo afunue. Akiyaona kwanza ataanza kubahatisha. Agosti, Jumamosi tatu, afanye mtihani mmoja mzima kwa muda uliopangwa. Jumapili yake kila alilokosa liwe kadi. Baada ya Jumamosi ya tatu zifungueni zile kadi mlizofunga kwa mpira, afanye sita sita kila jioni hadi wiki ya mtihani. Usiku wa kuamkia mtihani alale.

Siku mkiruka kwa ugonjwa, msiba au umeme kukatika, kadi zitalundikana na tarehe zitapita. Msijaribu kulipa deni lote jioni moja, kadi ishirini zitamchosha naye ataanza kutazama majibu. Chukueni sita zilizochelewa zaidi, mkianzia kopo la kwanza, kesho sita nyingine, na wiki hiyo asitengeneze kadi mpya mpaka lundo liishe.